Muulize Daktari wa Upasuaji: Sindano za Kujaza Uso na Madhara Yake

Maswali ya toleo hili yote yanahusu sindano za kujaza uso, ambazo wengi huziita fila. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi yamehifadhiwa. Anayejibu ni daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile.

SWALI: Daktari, shikamoo. Miaka 7 iliyopita nilidungwa sindano kwenye mikunjo inayotoka puani hadi pembeni mwa mdomo, na pia katika mdomo wa juu. Aliyenidunga alinihakikishia kuwa dawa hiyo ni ya kudumu, sitahitaji kurudia. Miaka ya mwanzo nilifurahi. Sasa nikipapasa mashavu nahisi vinundu vigumu, na kila nikishikwa na mafua mdomo wa juu huvimba na kuwa mwekundu kwa siku kadhaa. Sina karatasi wala kichupa cha dawa hiyo. Nataka vyote vikatwe na kutolewa kwa mara moja. Inawezekana? — Mama F.

JIBU: Marahaba, Mama F. Kutoa vyote kwa mara moja ni jambo gumu, na daktari atakayekuahidi hivyo ameahidi kitu ambacho uso wenyewe hautamruhusu kukitimiza. Kinachowezekana mara nyingi ni kutuliza uvimbe, kupunguza vinundu na kurudisha umbo linaloridhisha. Kiasi cha mafanikio hutegemea kile kilichodungwa kuliko ustadi wa mkono wa mpasuaji, na ndiyo maana swali la kwanza nitakalokuuliza ukiketi mbele yangu ni hilo ambalo huna karatasi yake.

Vijazio viko vya aina mbili kubwa. Kuna vile ambavyo mwili huviondoa wenyewe polepole, na kinachotumika zaidi kati yake ni asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 kutoka katika ute wa jicho la ng'ombe na ambayo miili yetu huitengeneza kila siku. Ubora wake mkubwa, kwa macho ya mpasuaji, ni kwamba ina kiyeyusho chake: kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, kikidungwa pale jeli ilipo, huanza kuivunja ndani ya saa chache, na matokeo huonekana baada ya siku moja au mbili. Kalsiamu haidroksiapataiti na asidi ya polilaktiki nazo huondoka zenyewe, lakini hazina kiyeyusho cha namna hiyo. Zikileta shida, inabidi kusubiri, kutibu uvimbe au kukata. Aina ya pili ni vitu visivyoondoka: silikoni ya majimaji, jeli ya poliakrilamidi, na chembe za plastiki za polimethilimethakrilati. Kwa maelezo yako, naelekea kuamini kwamba ulidungwa kimojawapo cha hivi.

Balaa hili lina zaidi ya karne moja. Mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga parafini laini mwilini ili kurudisha umbo, na haukupita muda njia hiyo ikaenea Ulaya na kutumiwa kujaza makunyanzi na kunyoosha pua, mpaka wagonjwa walipoanza kurejea na uvimbe mgumu, vidonda na nyuso zilizoharibika. Gladys Deacon, mrembo mashuhuri wa Kimarekani aliyekuja kuolewa na Duke wa Marlborough, alijazwa parafini puani, nayo ikateremka hadi kidevuni. Baadaye ikaja silikoni ya majimaji, ambayo Marekani haijawahi kuiidhinisha kwa kurembesha uso, kisha jeli ya poliakrilamidi, ambayo China iliipiga marufuku mwaka 2006. Kila kizazi kimepata kitu chake cha kudumu, na kila mara madhara yamejitokeza baada ya miaka, wakati aliyedunga hapatikani tena.

Kuhusu vinundu vyako: mwili ukishindwa kukiondoa kitu kigeni, hukizungushia chembe za kinga na ukuta wa kovu, na mkusanyiko huo ndio unaoitwa granuloma. Aidha, bakteria wachache walioingia na sindano wanaweza kujificha juu ya kijazio wakiwa wamejifunika utando wao wenyewe, wakatulia kwa miaka bila dalili. Mafua, jino bovu, hata kusafishwa meno, huamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamka mahali hapo nako huvimba. Desemba 2020, wakati wa kutathminiwa kwa chanjo ya korona ya Moderna, ilibainika kuwa washiriki wachache waliokuwa na vijazio walivimba uso au midomo baada ya kuchanjwa, na hali hiyo ikatulia. Sisemi haya ili ukwepe chanjo, usiikwepe. Nasema ili uone kwamba uvimbe unaokuja na kuondoka ni kinga inayogombana na kitu kisichoondoka.

Hatua ya kwanza, basi, ni kukitambua kitu hicho. Omba altrasaundi ya masafa ya juu, inayofanywa na mtu aliyezoea kuangalia uso. Asidi ya hayaluroniki huonekana kama vifuko vyeusi vyenye mipaka, ilhali silikoni hutoa ukungu mweupe unaofunika kila kilicho nyuma yake. Pakibaki shaka, hukatwa kipande kidogo cha kinundu na kupelekwa maabara. Chini ya hadubini silikoni huacha matundu matupu ya ukubwa tofauti, kwa kuwa silikoni yenyewe huoshwa wakati wa kuandaa kipande. Chembe za polimethilimethakrilati huonekana kama miduara inayolingana ukubwa, zimepangana ndani ya kovu. Ni kazi ya siku chache, na inaweza kubadili mpango mzima wa matibabu. Ukipatikana uwezekano wowote kwamba ni asidi ya hayaluroniki, inafaa kujaribu kimeng'enya kabla ya kufikiria kisu.

Hatua ya pili ni kutuliza. Daktari akishuku maambukizi, huanza na viuavijasumu, mara nyingi vya aina mbili kwa pamoja na kwa wiki kadhaa, wala hakupi steroidi, yaani dawa za kushusha uvimbe, peke yake, kwa sababu steroidi huficha wekundu huku bakteria wakiendelea kuzaana. Ikishathibitika kwamba hakuna maambukizi, vinundu vyenyewe vinaweza kudungwa triamsinoloni, ambayo ni steroidi, iliyochanganywa na fluorourasili, dawa inayozuia chembe kuzaana, kwa dozi ndogo, na kurudiwa kila baada ya wiki chache. Wagonjwa wengi huishia hapa: vinundu hubaki, lakini vidogo, laini na vimya, na hilo ni jambo la kuridhika nalo, ingawa najua silo ulilolitamani ulipoandika barua.

Kisu huja baada ya hapo, na huja uso ukiwa umetulia. Kwa mdomo wa juu, mpasuaji hupasua kwa ndani, kwenye ngozi laini yenye unyevu, ili kovu lisionekane. Hutoa kinundu pamoja na ukanda mwembamba wa tishu iliyokizunguka, akichunga asiukate msuli unaoufumba mdomo. Vinundu vya mikunjo ya mashavu hufikiwa kupitia ndani ya kinywa au kwa mpasuo wa mbele ya sikio, kama ule wa kukaza uso. Jeli ya poliakrilamidi iliyokaa ndani ya kifuko inaweza kufunguliwa njia, kukamuliwa na kuoshwa. Silikoni ni shida nyingine: imepenya kila mahali kama mafuta yaliyomwagikia pamba, na kuitoa yote ni kutoa shavu lenyewe pamoja na matawi ya neva yanayonyanyua mdomo na kufumba jicho. Hapo mpasuaji mwenye busara hutoa vinundu vinavyosumbua, huviacha vingine, na humwambia mgonjwa hivyo kabla ya siku ya upasuaji.

Mdomo ukivimba tena, upige picha siku hiyohiyo na uende hospitali ukiwa umevimba, usisubiri utulie. Na mwandikie aliyekudunga, hata kama ni miaka mingi, ukimwomba jina la dawa na namba ya toleo lake.

SWALI: Daktari, dada yangu alidungwa kijazio juu ya pua ili mgongo wa pua unyooke. Sindano ikiwa bado ndani alilalamika maumivu makali, na ngozi ya ncha ya pua ikawa nyeupe. Akaambiwa ni mchubuko wa kawaida, aende nyumbani aweke barafu. Siku iliyofuata ngozi ilikuwa ya zambarau yenye mistari kama wavu, baadaye vikatokea vipele vya usaha, na hatimaye ukingo wa tundu la pua la kushoto ukawa mweusi ukadondoka. Sasa ni miezi 3. Kidonda kimefunga, lakini ukingo umeliwa na tundu limevutwa juu. Afanyiwe upasuaji gani, na lini? Na ni kweli kwamba angeweza kupofuka? — P. K.

JIBU: Pole sana, wewe na dada yako. Uliyoyaeleza ni picha kamili ya mshipa wa ateri ulioziba, na inasikitisha kwa sababu dalili zote zilionekana mapema na mtu aliyekuwa na sindano mkononi akazisoma vibaya. Mchubuko huanza na wekundu au rangi ya bluu, na maumivu yake ni ya wastani. Mshipa ukiziba, ngozi huwa nyeupe papo hapo, kisha hupata wavu wa zambarau, na maumivu huwa makali kuliko sindano yenyewe, isipokuwa pale ganzi iliyochanganywa na jeli inapoyaficha kwa saa chache.

Kipo kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Bonyeza ngozi kwa kidole kwa muda mfupi, kisha achia utazame. Ngozi yenye damu hurudisha rangi yake ndani ya sekunde 1 au 2. Ikikawia, ikabaki na alama nyeupe ya kidole huku ukiendelea kuhesabu, damu haifiki, na hapo hakuna kuagwa kwenda nyumbani. Barafu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote, kwa kuwa baridi huifinya zaidi mishipa midogo iliyobaki. Kilichotakiwa ni kuacha kudunga mara moja, kukanda, kuweka kitambaa cha uvuguvugu, na, ikiwa kijazio kilikuwa asidi ya hayaluroniki, kudunga hayaluronidesi kwa dozi kubwa katika eneo lote lililobadilika rangi, na kurudia kila baada ya saa moja hivi hadi rangi irejee. Anayedunga vijazio bila kimeng'enya hicho kabatini, kwa maoni yangu, hapaswi kudunga.

Ndiyo, angeweza kupofuka. Mishipa ya pua, ya katikati ya nyusi na ya paji la uso imeungana na ateri inayolisha jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa na jeli ikasukumwa kwa nguvu, husafiri kinyume na mkondo wa damu mpaka kwenye maungano. Mkono ukilegea, damu huichukua na kuiingiza jichoni. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haivumilii kukosa damu, na muda wa kuiokoa huhesabiwa kwa dakika. Mafuta ya mwili yanayodungwa kwa lengo hilohilo nayo yamepofusha watu, na hayana kiyeyusho. Mtu anayeona giza, anayeumwa jicho ghafla au ambaye kope yake inaning'inia wakati wa kudungwa anatakiwa akimbizwe kwa daktari wa macho muda huohuo, na asisahaulike kuchunguzwa dalili za kiharusi.

Sasa upasuaji. Miezi 3 ni mapema. Kovu la dada yako bado linajivuta, na ukingo utakaotengenezwa leo unaweza kuvutwa tena kabla kovu halijakomaa. Kwa kawaida tunasubiri kati ya miezi 6 na 12 tangu kidonda kifunge. Muda huo si wa kukaa bure: kovu likandwe kila siku, lifunikwe kwa bandiko la silikoni ikiwa litakaa vizuri hapo, likingwe na jua, na likianza kuwa nene lidungwe triamsinoloni. Tundu likielekea kufungwa na kovu kwa ndani, hutumika kishikizo kidogo cha kulishikilia wazi, hasa usiku. Nisingesubiri iwapo hawezi kupumua kwa upande huo.

Namna ya upasuaji itategemea kilichopotea. Pengo dogo la ukingo, la takriban sentimita 1 au pungufu, linaweza kuzibwa kwa kipande kutoka katika ukingo wa sikio, kinachobeba ngozi na gegedu kwa pamoja. Umbo la sikio hapo linafanana kwa kushangaza na ukingo wa tundu la pua. Tatizo ni kwamba kipande hicho kinategemea damu ya mahali kinapowekwa, na ngozi iliyowahi kufa kwa kukosa damu ina mishipa dhaifu. Kwa hiyo pengo likiwa kubwa zaidi, au ngozi ya jirani ikiwa ngumu na nyeupe, mimi huelekea kwenye ngozi ya paji la uso, inayokuja na mshipa wake wa damu. Njia hii ilizaliwa India zamani sana, na wasomaji wa Ulaya waliifahamu baada ya jarida moja la London kuieleza mwaka 1794. Ukanda wa ngozi hukatwa kuanzia juu ya paji, ukaachwa umeshikamana karibu na nyusi, ukageuzwa na kushonwa puani juu ya gegedu iliyotolewa sikioni. Mgonjwa huishi na daraja hilo la ngozi kati ya nyusi na pua kwa takriban wiki 3, mpaka ngozi ipate damu mahali pake papya, ndipo daraja hukatwa. Wiki hizo ni ngumu kwa mtu anayelazimika kutoka nje, na familia ijiandae nazo mapema kuliko kushtukia kwenye kioo. Mara nyingi hufuata upasuaji mwingine mdogo wa kupunguza unene.

Kabla ya yote hayo, altrasaundi ihakikishe kwamba hakuna jeli iliyobaki kwenye mgongo wa pua. Ikiwapo, iyeyushwe kwanza.

SWALI: Nilidungwa chini ya macho kuondoa mashimo. Mashimo yameondoka, ila sasa nina vivimbe vyenye rangi ya bluu hafifu, na asubuhi huwa vikubwa. Nimeshauriwa nifanyiwe upasuaji wa kope. — Msomaji wa kike, miaka 36.

JIBU: Usikubali bado, dada. Ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba kuliko karibu ngozi yote ya mwili, na jeli safi ikikaa juujuu chini yake hutawanya mwanga wa bluu. Madaktari huuita mtawanyiko huo kwa jina la mwanafizikia John Tyndall. Kuvimba asubuhi kunatokana na asidi ya hayaluroniki kuvuta maji. Kiasi kidogo cha hayaluronidesi kwa kawaida hutosha, na pengine jeli iliyo juu sana hutobolewa kwa sindano na kukamuliwa. Nimeona zaidi ya mara moja mgonjwa aliyekatwa mafuta ya kope yasiyo na hatia, kisha jeli ikabaki pale pale na jicho likabonyea. Usidanganywe pia na hoja kwamba ni miaka imepita hivyo jeli imekwisha. Picha za MRI zimeionyesha ikiwa bado ipo muda mrefu kupita ule uliotajwa wakati wa kudungwa. Mpasuaji wa kope aingie kazini baada ya kuyeyusha, na baada ya wiki kadhaa za kuangalia kilichobaki.

SWALI: Nimeona hayaluronidesi ikiuzwa mtandaoni, na pia kalamu ya kudunga midomo isiyo na sindano. Kuna ubaya gani nikijihudumia mwenyewe nyumbani? — J.

JIBU: Kalamu hiyo husukuma jeli kwa mgandamizo wa hewa au springi, na hakuna anayeweza kuamua itaishia kina gani. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi yake Oktoba 2021, baada ya kupokea taarifa za majeraha ya ngozi, midomo na hata macho. Kutokuwapo kwa sindano hakuzuii jeli kuingia kwenye mshipa.

Kimeng'enya nacho, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa kutokana na wanyama, na kinaweza kuamsha mzio mkali unaofunga koo ndani ya dakika chache. Sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, kwa hiyo aliyewahi kuzidiwa baada ya kuumwa na nyuki lazima aseme kabla ya kudungwa, na aliyejifungia chumbani na kichupa cha mtandaoni hana wa kumwambia. Tena kimeng'enya hakifanyi lolote kwa silikoni. Utakuwa umejichoma bure mahali ambapo huenda tayari pana bakteria. Sina jibu laini zaidi ya hilo.

SWALI: Mimi ni mwanamume wa miaka 44. Miezi 2 iliyopita niliondolewa jeli ya poliakrilamidi mashavuni kwa upasuaji. Shavu la kushoto limebonyea, na upande wa kulia mdomo haunyanyuki sawasawa ninapotabasamu. Naweza kujazwa kwa fila ile inayoyeyuka ili nirudi kazini nikiwa na sura yangu? — S.

JIBU: Bwana S., una matatizo mawili, na lililo la haraka ni mdomo. Tawi la neva likivutwa au kubanwa wakati wa upasuaji, hulala kwa wiki au miezi kisha huamka lenyewe. Likikatwa, haliamki, na kila mwezi unaopita hupunguza nafasi ya kulishona. Muulize aliyekupasua aliona nini, na uombe kipimo cha umeme cha neva na misuli ya uso. Ukiona msuli unaanza kutikisika hata kidogo mbele ya kioo, ni dalili njema, na mazoezi ya uso chini ya mtaalamu wa viungo yaanze.

Shavu lisijazwe sasa. Jeli ya poliakrilamidi haitoki yote hata mpasuaji afanye bidii gani, na kuchoma sindano kupita kwenye mabaki yake ni kuwafungulia mlango bakteria walionyamaza. Ukikaa miezi 6 au zaidi bila usaha, wekundu wala uvimbe, na altrasaundi ikaonyesha mabaki kidogo yaliyotulia, ningependelea mafuta yako mwenyewe, yanayofyonzwa tumboni au pajani, kuoshwa na kudungwa kwa matone madogo kwa sindano butu. Sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili, kwa hiyo jiandae kwa awamu ya pili. Ikiwa ngozi ilitanuka na sasa inalegea, mafuta hayataikaza. Itahitaji kukazwa kwa mpasuo wa mbele ya sikio, na inafaa kufanywa katika awamu hiyohiyo ili usiingie chumba cha upasuaji mara nyingi kuliko inavyopasa.

Utakapokwenda kwa daktari, chukua ripoti ya upasuaji wa kwanza, majibu ya maabara ya kilichotolewa, na majibu ya kuotesha bakteria kama yalifanyika. Hospitali huwa na nakala zake, nawe una haki ya kuzidai.